Rimbaud Hakuchoma Kitabu, Alidaiwa

Kuna kisa kimoja ambacho kila anayemtaja Arthur Rimbaud hukitaja, awe amemsoma au hajamsoma. Kijana wa miaka 19, fundi wa lugha asiye na mfano katika Ufaransa ya wakati wake, alichapisha kwa hiari yake kitabu kimoja tu, shairi la nathari liitwalo Une saison en enfer. Kisha akakusanya nakala zote, akazitia motoni katika meko ya nyumba ya shamba ya mama yake, akaipa fasihi kisogo na kwenda zake Afrika. Kisa hiki ni kitamu. Kina moto, kina ujana, kina kiburi, na kinaisha pale msikilizaji anapotaka kiishe. Tatizo ni kwamba hayo ya moto hayakutokea.

Sidai kwamba nimegundua jambo. Ushahidi wa kukibomoa kisa hiki umekuwepo kwa zaidi ya miaka 100, na wataalamu wa Rimbaud hawaubishi. Kinachonikera ni kwamba umekubaliwa kwa shingo upande. Utasoma utangulizi unaokiri kwamba habari ya moto ni hekaya, halafu kurasa mbili mbele mwandishi yuleyule anaanza kueleza juu ya kujikana, kujiteketeza na sadaka ya fikra kubwa. Tumekubali kwamba maiti haipo, lakini matanga tunaendelea nayo. Na kwa kuwa wengi wetu huku tunampokea Rimbaud kupitia utangulizi wa namna hiyo, tunaurithi moto bila kurithi ushahidi unaouzima.

Twende kwenye kitabu chenyewe. Ni kijitabu cha kurasa zipatazo 50, nyingine zikiwa tupu, chenye sehemu tisa ukihesabu dibaji isiyo na kichwa. Mwishoni Rimbaud ameandika muda wa utunzi: Aprili hadi Agosti 1873. Katikati ya miezi hiyo kuna tarehe 10 Julai, siku ambayo Paul Verlaine, mshairi mwenzake na mpenzi wake, alimpiga risasi ya mkono mjini Brussels. Verlaine akahukumiwa miaka miwili jela. Rimbaud akarudi Roche, kijiji cha Ardennes ambako mama yake alikuwa na shamba, na wakati wengine wakihangaika na mavuno yeye alijifungia kuandika. Kabla ya hapo, Mei, alikuwa amemwandikia rafiki yake Ernest Delahaye kwamba ameanza kitabu cha visa vya nathari, na kwamba majaliwa yake yanakitegemea kitabu hicho. Barua hiyo ipo. Mtu aliyesema Mei kwamba majaliwa yake yamo kitabuni, akasafiri kwenda Ubelgiji kukichapisha, tunaombwa kuamini kwamba mwezi mmoja baada ya kukipata mkononi alikiona takataka. Inawezekana, kwani vijana hubadilika. Lakini anayedai hivyo ndiye mwenye mzigo wa kuleta ushahidi, na katika muda wote huu ushahidi huo haujaletwa.

Hakuwa na mchapishaji, na hapa ndipo ufunguo wa jambo lote ulipo. Ingawa wapenda moto hupita haraka mahali hapa, mimi nitakaa kidogo. Kazi ilipelekwa Alliance typographique, kampuni ya M.-J. Poot, namba 37 rue aux Choux, Brussels. Kilikuwa kiwanda cha uchapaji kilichoishi kwa kazi za kuagizwa, yakiwemo majarida ya mambo ya sheria. Hakikuwa na orodha ya washairi wala wakala wa kuzunguka madukani, na hakikuwa na sababu ya kujua Rimbaud ni nani. Mteja analeta muswada, anatoa malipo ya awali, kazi inachapwa, mteja anamalizia salio na kuchukua mzigo wake. Kuhusu malipo hayo ya awali, waandishi wengi wa maisha yake wanaona kwamba yalitoka kwa mama, mwanamke mgumu wa mkono na wa maneno. Salio halikutoka kwa yeyote. Nakala zilizochapwa zilikuwa 500. Oktoba 1873 Rimbaud alikwenda Brussels, akakabidhiwa nakala chache za mwandishi, zipatazo dazeni moja, akaondoka nazo. Zilizobaki zikakaa pale pale zilipofungwa.

Juu ya jalada kumechapwa bei: faranga moja. Watu wanaoitafuta nia ya Rimbaud katika kila nukta ya shairi wamewezaje kutoiona nia iliyochapwa usoni mwa kitabu kwa herufi kubwa? Bei huwekwa na mtu anayetaka kuuza.

Tazama pia nakala zile chache zilikwenda wapi. Moja alipewa Verlaine, aliyekuwa mfungwa, ikiwa na jina lake kwa mkono wa Rimbaud. Nyingine zilikwenda kwa Delahaye na Ernest Millot, marafiki wa Charleville, mji alikozaliwa, na nyingine Paris, kwa mchoraji Forain na kwa washairi kama Jean Richepin na Raoul Ponchon. Haya ni matendo ya mwandishi anayetafuta kusemewa. Anawapa wenye kalamu na wenye marafiki wenye kalamu, akitumaini neno moja litatokea gazetini, na neno likitokea wanunuzi waulize, na wanunuzi wakiuliza salio la mchapaji lipatikane. Mwandishi yeyote wa Nairobi au Dar es Salaam aliyewahi kuchapisha diwani kwa fedha zake mwenyewe anaijua hesabu hii bila kufundishwa, na anajua pia mara nyingi inaishia wapi. Maboksi yanabaki kiwandani, simu za fundi zinaanza kukwepwa, na dawa ya deni, kama tujuavyo, ni kulipa. Asiyekuwa nacho hukaa mbali na mtaa ule. Kwa nini tukubali maelezo hayo kwa mshairi wa Kariakoo, na kwa mshairi wa Charleville tudai ndimi za moto?

Mwaka 1901 wakili mmoja wa mji wa Mons, Léon Losseau, mpenzi mkubwa wa vitabu, alikuwa anatafuta matoleo yaliyompungukia ya jarida la sheria, La Belgique judiciaire. Utafutaji huo ukamfikisha kwa waliolichapa, Alliance typographique, na katika stoo yao akakuta furushi ambalo halikuwa na uhusiano wowote na sheria. Baadhi ya nakala zilikuwa zimeharibiwa na unyevu, lakini zipatazo 425 zilikuwa bado nzuri. Toleo la kwanza la Une saison en enfer, ambalo dunia ya fasihi ilikwisha kuliombolezea kama majivu, lilikuwa limekaa Brussels miaka 28 kwa sababu hakuna aliyekuja kulilipia.

Jalada halina bei tu, lina anwani pia. Verlaine, alipoandika juu ya Rimbaud katika Les Poètes maudits, kitabu kilichotoka mwaka 1884, alikitaja kijitabu hicho, akataja jina la Poot, akataja mtaa na namba ya nyumba. Akaongeza kwamba kimezama katika usahaulifu wa kutisha kwa kuwa mwandishi hakukisukuma kabisa sokoni. Verlaine ndiye aliyekuwa na nakala. Ndiye aliyemjua Rimbaud kuliko mwandishi yeyote wa Paris, na ndiye mtu ambaye, kama kungekuwa na moto wa kuvutia namna ile, asingeacha kuueleza. Hakusema neno juu ya moto. Alisema kitabu hakikusambazwa, na akatoa anwani.

Toka 1884 hadi 1901 ni miaka 17. Katika miaka hiyo jina la Rimbaud liligeuka kutoka jina la mtoro asiyejulikana alipo na kuwa bendera ya kizazi kizima cha washairi. Septemba 1886 jarida La Vogue lilichapa upya Une saison en enfer yote, miezi michache baada ya kuchapa Illuminations, mashairi yake mengine ya nathari, huku likimwita mwandishi marehemu. Marehemu huyo wakati ule alikuwa Tadjoura, kwenye Ghuba ya Tadjoura, akisubiri ruhusa ya kuondoka na msafara wa bunduki kwenda kwa Menelik wa Shewa. Kati ya waliomshangilia, hakuna aliyepanda treni ya Brussels, safari ya saa chache tu, kwenda kugonga mlango wa namba 37. Aliyegonga alikuwa wakili mwenye shida ya jarida la sheria. Ukweli huu ndio unaofichwa na hekaya ya moto, na ndiyo sababu naiita hekaya yenye faida.

Ni nani anayefaidika? Tuanze na familia. Habari ya moto tunaipata kwa Isabelle Rimbaud, dada mdogo wa mshairi, na kwa mumewe Paterne Berrichon, ambaye jina lake halisi ni Pierre Dufour. Isabelle alizaliwa Juni 1860, kwa hiyo wakati wa tukio alilolisimulia alikuwa na miaka 13. Alisimulia kwamba kaka yake aliziteketeza kazi zake kwa furaha, huku akizicheka. Lakini ni Isabelle huyuhuyu ambaye, kaka yake alipofariki Marseille tarehe 10 Novemba 1891, ilibidi aelezwe na magazeti kwamba nduguye ni mshairi mwenye sifa. Kuanzia hapo alijipa kazi ya kumsafisha. Barua yake ya Oktoba 1891 kwa mama yao, inayosimulia kwamba Arthur alikubali kuungama kitandani, ikawa msingi wa Rimbaud mpya, mwana mpotevu aliyerudi. Berrichon, aliyemwoa mwaka 1897, akaandika wasifu wa kulingana na sura hiyo na akakusanya kazi za mshairi. Mwaka 1912 Paul Claudel, Mkatoliki mwenye kalamu kali, akaziandikia dibaji.

Katika mpango kama huo moto ulikuwa wa lazima. Kitabu kinachozungumzia jehanamu, kinachotukana ubatizo na kucheza na toba, kingewezaje kuwa cha mtu mtakatifu? Kwa njia moja tu: awe amekichoma mwenyewe, tena mapema. Sisemi Isabelle alidanganya kwa makusudi. Mtoto wa miaka 13 anaweza kumwona kaka yake akichoma karatasi katika meko, na miaka 20 baadaye karatasi zile zikawa, katika kumbukumbu yake, toleo zima la kitabu. Hata hivyo toleo zima halikufika Roche, na kisichofika hakichomwi.

Najua mahali ambapo watetezi wa moto hukimbilia wakifikishwa hapa. Wanasema: basi, hakuchoma toleo, lakini alichoma nakala alizokuwa nazo na miswada yake aliporudi kutoka Paris Novemba 1873, na hilo linatosha kama ishara. Ngoja tulitazame. Nakala alizokuwa nazo zilikuwa zile chache, na kadhaa kati ya hizo zinajulikana ziko wapi na zilikwenda kwa nani; zikiondolewa hizo, moto unabaki na kuni chache mno. Ama miswada, ni kweli kwamba nakala safi iliyopelekwa kwa Poot haijulikani iliko, lakini hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa: muswada ukiingia kiwandani ulipita mikononi mwa wapangaji herufi, wakauchafua kwa wino, ukatupwa kazi ikiisha. Na rasimu? Zipo. Karatasi kadhaa zenye matengenezo ya sehemu za kitabu zimebaki hadi leo, zimechapwa na kuchambuliwa neno kwa neno. Mchomaji gani huyu anayeacha rasimu zikimbie?

Lakini waliokuwa na sababu kubwa zaidi ya kuupenda moto walikuwa Paris. Rimbaud alipofika huko na kitabu chake, mji ule wa waandishi ulikuwa umekwisha kumhukumu. Verlaine alikuwa gerezani, mkewe Verlaine alikuwa ameachwa, na kwa watu wa mikahawa yule kijana wa Ardennes ndiye aliyekuwa chanzo cha balaa lote. Simulizi za zama hizo zinamwonyesha ameketi peke yake katika mkahawa wa Tabourey, watu wakimpita. Hakuna aliyeandika juu ya kitabu. Hata tahakiki ya kukiponda haikutokea, na kwa mwandishi kupondwa ni afadhali ya kunyamaziwa. Sasa fikiria jinsi kisa cha moto kinavyowapa afueni watu wale na warithi wao. Kama mshairi alikiteketeza kitabu, basi hakuna aliyekipuuza. Kama alijinyamazisha, basi hakuna aliyemnyamazisha. Deni la faranga linageuka siri ya roho, na ukimya wa wahakiki unageuka ukimya wa fikra kuu. Kwa hiyo hekaya hii haikumpamba Rimbaud tu, iliwaondolea lawama wasomaji wake. Nadhani ndiyo maana haifi hata baada ya furushi la Losseau: kila kizazi kina washairi wake wa kuwapita mkahawani, na kila kizazi kinahitaji kuamini kwamba waliopotea walipenda wenyewe kupotea. Mwaka 2016 bastola inayosemekana kuwa ndiyo aliyotumia Verlaine iliuzwa kwa mnada mjini Paris kwa euro 434,500. Sina ugomvi na aliyenunua. Nasema tu kwamba tumekuwa hodari wa kulipia kelele za maisha ya mshairi.

Kuna hoja ya pili, binamu wa moto, nayo ina watetezi wenye heshima zaidi. Inasema hata kama hakukichoma, kitabu chenyewe ni kuaga: sehemu ya mwisho inaitwa Adieu, na baada ya hapo Rimbaud aliacha kuandika. Hapa kuna chembe ya kweli. Aliacha kuandika mashairi, na aliacha akiwa kijana. Waliofanya naye kazi Aden na Harar walisema hakupenda kuulizwa habari za ushairi, na akiulizwa aliudharau. Mimi sibishi kwamba aliacha. Nabisha juu ya lini na vipi.

Verlaine, katika dibaji ya Illuminations ya mwaka 1886, alisema mashairi yale ya nathari yaliandikwa kati ya 1873 na 1875, katika safari za Ubelgiji, Uingereza na Ujerumani. Berrichon alilikataa hilo, kwa sababu lilivuruga mpango: kama Rimbaud aliendelea kuandika baada ya kuaga, kuaga kwenyewe hakupo. Basi kwa miongo kadhaa wasomaji walifundishwa kwamba Illuminations ilitangulia, na Une saison en enfer ikaja kufunga mlango. Mwaka 1949 Henry de Bouillane de Lacoste alitoa utafiti wake juu ya miandiko ya Rimbaud. Alilinganisha umbo la herufi, mwaka kwa mwaka, na akaonyesha kwamba nakala safi za Illuminations ziliandikwa mwaka 1874 au baada yake. Katika baadhi ya karatasi kuna mkono wa Germain Nouveau, mshairi aliyeishi na Rimbaud London mwaka huo wa 1874. Wataalamu wa baadaye wameongeza tahadhari, kwamba kunakili si sawa na kutunga, na huenda baadhi ya vipande ni vya zamani zaidi. Sawa. Lakini mtu aliyeiaga fasihi mwaka 1873 hakai London mwaka 1874 akinakili mashairi kwa mwandiko safi pamoja na mshairi mwenzake.

Wala haikuishia kwenye kunakili. Mwaka 1875, baada ya kukutana na Rimbaud Stuttgart, Verlaine alimpelekea Nouveau kwa posta mashairi ya nathari ya Rimbaud ili yachapwe, naye Nouveau alikuwa Brussels. Verlaine alimlalamikia Delahaye gharama ya stempu. Wengi wanakubali kwamba mashairi hayo ni Illuminations, au sehemu yake. Yaani zaidi ya mwaka mmoja baada ya kile kinachoitwa moto, Rimbaud alikuwa bado anatafuta mchapaji, na katika mji uleule aliokuwa anadaiwa.

Ukiisoma sehemu yenyewe inayoitwa Adieu bila kuwa na moshi machoni, utaona inakoelekea. Mshairi anaikemea jeuri yake ya zamani, anazika ndoto fulani, halafu anageukia wakati ujao na kuzungumzia kuingia mijini alfajiri. Anaaga namna moja ya kuandika na namna moja ya kupenda. Kuifanya sehemu hiyo hati ya kujiuzulu ni kusoma kichwa chake na kuacha maneno yaliyo chini yake.

Kisha kuna Afrika, na hapa niruhusiwe kusema kama msomaji wa upande huu wa bahari. Kisa cha moto hakikamiliki bila bara letu. Baada ya majivu linahitajika jangwa, mahali pasipo na maandishi ambapo mshairi anaweza kunyamaza vizuri. Afrika ikapewa kazi hiyo. Lakini Harar aliyoifikia Rimbaud mwishoni mwa 1880 ilikuwa mji wa ukuta na misikiti, mji wa wanazuoni wenye utamaduni mkubwa wa kunakili na kujalidi vitabu kwa Kiarabu. Huenda maandishi yaliheshimiwa zaidi Harar kuliko Roche. Naye mwenyewe hakuacha karatasi. Aliwaagiza mama yake na dada yake vitabu vya ufundi kwa orodha ndefu. Aliomba karatasi za Kiarabu alizoziacha baba yake, afisa wa jeshi aliyetumikia Algeria. Taarifa yake juu ya Ogaden ilitolewa na Jumuiya ya Jiografia ya Paris mwaka 1884, na mwaka 1887 gazeti la Cairo, Le Bosphore égyptien, lilichapa maelezo yake marefu ya safari ya Shewa. Ni maandishi makavu, ya masafa na bei na njia, na sitayapandisha cheo yawe mashairi. Ila mtu aliyeyatuma kwa wahariri alikuwa bado anataka kusomwa.

Hata Zanzibar imo. Agosti 1880, akiwa ndiyo kwanza amepata kazi Aden, aliwaandikia nyumbani kwamba akipata faranga mia kadhaa ataondoka kwenda Zanzibar, ambako alisikia kuna kazi. Wazo hilo lilimrudia mara nyingi katika barua za miaka iliyofuata, na hakufika. Wapenda moto hutafuta maana ya kina kwa nini hakufika. Ukizisoma barua zenyewe utakutana na jambo lilelile lililomkuta Brussels: hesabu, fedha zisizotosha, mkataba usioisha, deni la mtu mwingine. Katika biashara ya bunduki mshirika wake, Labatut, alifariki kabla ya msafara kuondoka, na wadai wa marehemu wakamwandama Rimbaud hadi Shewa.

Nina neno pia kwa Losseau, ambaye kwa kawaida hupewa sifa tupu. Furushi alilipata mwaka 1901, lakini kwa zaidi ya miaka 10 habari hiyo haikutoka nje ya duara dogo la wapenda vitabu. Aliwagawia wenzake na waandishi kadhaa nakala, akaweka nyingine, na maelezo yake kamili, ambayo yanaiita habari ya moto hekaya tangu kwenye kichwa, yalitoka wakati Ulaya ikiwa vitani. Katika miaka hiyo ya ukimya Berrichon aliendelea kuijenga sura yake bila kupingwa, na Claudel akaandika dibaji yake. Wakili, mtu wa ushahidi, alikaa na kielelezo kabatini huku kesi ikiendelea kusikilizwa bila hicho.

Na kielelezo hicho kina kazi kubwa kuliko kumaliza ubishi wa moto. Kwa kuwa muswada wa mwisho haupo, kijitabu cha 1873 ndicho shahidi pekee wa matini kamili ya Une saison en enfer. Makosa yake ya chapa, na yapo, ndiyo yanayowapa wahariri kazi hadi leo: hapa herufi imekosewa au mshairi alitaka hivyo? Neno limeruka au sentensi imekatwa makusudi? Maswali haya hujibiwa kwa kulinganisha kitabu na zile rasimu zilizobaki, kwa subira, ukurasa kwa ukurasa. Ni kazi isiyo na utukufu, na imefanywa na wachache. Uhariri wa Bouillane de Lacoste wa mwaka 1941 ulikuwa mmoja wa ile iliyolichukulia toleo la Poot kama kitabu cha kusomwa.

Mwaka 1890, Julai, Rimbaud alipata barua kutoka Marseille. Mhariri wa jarida La France moderne, Laurent de Gavoty, alimwandikia kwamba amesoma mashairi yake mazuri, na kwamba angefurahi na kujivunia kama angekubali kuliandikia jarida hilo. Kitabu cha faranga moja kilikuwa kimechapwa miaka 17 kabla. Hakuna jibu lake linalojulikana. Barua yenyewe ilikutwa katika karatasi zake.